Ulimi wa Mzee Kipimo

Mhadhiri wa vinasaba aliingia maabara na chupa yenye karatasi za kupimia ladha mkono mmoja na mkasi mkono mwingine. Wanafunzi walikuwa tisini, karatasi zilikuwa mia moja, na kila mwanafunzi alitakiwa kupata yake na nyingine tatu za kupeleka nyumbani. Fedha za idara zilikuwa hazitoshi, kama miaka yote. Kwa hiyo msomi mzima, mwenye shahada tatu, alikaa juu ya stuli akawa anakata kila karatasi vipande vinne vyembamba, huku ameuma midomo kama mtoto wa chekechea.

"Msinicheke," alisema bila kuinua uso. "Chuo cha umma, karatasi za umma. Weka ulimini, usitafune, usimeze. Hesabu mpaka kumi. Ukisikia chungu, nyoosha mkono. Usiposikia kitu, tulia, usijifanye."

Binti wa hadithi hii alikuwa amekaa benchi la tatu kutoka nyuma. Hakufika hata nne. Uchungu ulimvamia mpaka kooni, akatema kwenye leso huku machozi yakimlenga. Kijana aliyekaa naye alihesabu kwa utulivu mpaka kumi, kisha akaitafuna karatasi yake na kuimeza.

"Haina kitu," alisema. "Mnaigiza tu nyie."

Mhadhiri alichora ubaoni miraba na maduara. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Anayeonja uchungu unampaka rangi nyeusi, asiyeonja unamwacha mweupe. Uwezo wa kuonja unatoka kwa baba au kwa mama, mmoja tu akiwa nao anaweza kumpa mtoto. Mzazi asiyeonja hana cha kurithisha isipokuwa kutoonja. "Kwa hiyo," alisema, akigonga ubao kwa chaki, "weupe wawili hawazai mweusi. Andikeni hiyo, itatoka kwenye mtihani. Nendeni mkapime nyumbani, mniletee chati ya ukoo. Alama kumi na tano."

Binti aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari chini. Alikuwa mwaka wa pili, na alama kumi na tano si za kuchezea.

Nyumbani kwao walikuwa watatu tu. Mama alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, na wakati huo alikuwa amezungukwa na kola ambazo hazijapata mashati. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini na kuvua viatu mlangoni, kwa sababu viatu vya jikoni vina mafuta na mama hataki mafuta kwenye sakafu yake.

"Profesa karudi," baba alisema. Tangu binti aingie chuo, hakuwahi kumwita kwa jina jingine.

"Nimewaletea kazi. Fungueni midomo."

"Maskini mimi," mama alisema. "Wenzangu watoto wao wanawaletea vitambaa, mimi naletewa vipimo."

Mama ndiye aliyeanza. Aliweka karatasi ulimini, akatazama dari, akahesabu kwa vidole. Alipofika kumi aliitoa na kuiangalia pande zote mbili.

"Karatasi."

"Isogeze nyuma kidogo, mama."

"Nimesogeza. Ni karatasi, mwanangu. Ina ladha ya risiti."

Walicheka wote watatu. Baba alichukua kipande chake, akakaa nacho mdomoni, macho yamemwelekea mke wake na si dari.

"Mimi vilevile," alisema. "Karatasi tupu."

Na hapa niseme jambo moja wazi, ili msomaji asipoteze muda kumchunguza mwanamke wa watu. Mama huyu hakuwahi kuwa na mwanamume mwingine maishani mwake zaidi ya huyu aliyevua viatu mlangoni. Hilo ni kweli, na litabaki kweli mpaka mwisho wa hadithi. Shida ya nyumba hii haikuwa ukweli, ilikuwa nani anauamini.

Binti alikwenda chumbani kwake kuchora. Alichora mraba mweupe, duara jeupe, mstari wa kuwaunganisha, na chini yake duara lake mwenyewe. Alikuwa ameshalipaka nusu weusi, kalamu ikiwa inaendelea yenyewe, alipoona anachokifanya. Alifungua daftari, akasoma ile sentensi yenye mstari chini, akaisoma tena. Alikaa kwenye kitanda cha pili, kile kilicho ukutani, halafu akasimama haraka kwa sababu kilikuwa cha bibi.

Bibi, mama yake baba, alikufa kwenye kitanda hicho miaka mitano nyuma, na hakuna aliyepata moyo wa kukitoa. Ndiye aliyekuwa akimwogesha binti alipokuwa mdogo, kwenye beseni la plastiki nyuma ya nyumba. Kila alipofika miguuni alikuwa akiushika mguu mmoja, anaupangusa maji, anautazama kama mtu anayetafuta bei ya kitu. Kisha anasema, si kwa mtoto wala kwa mtu yeyote: "Mguu huu umetoka wapi?" Mama alikuwa anaanika nguo hatua nne kutoka hapo. Baba alikuwa amekaa kizingitini anasikiliza redio. Mtoto alidhani ni mchezo, na siku moja alijibu, "Umetoka dukani, bibi!" Bibi hakucheka.

Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na moja, amesimama peku katikati ya chumba, na alihisi mkono umemshika kifundo. Aliogopa kweli, woga wa mtu mzima, ule usiokuwa na mahali pa kukimbilia. Aliweka alama ya kuuliza pembeni ya mraba, penye ule mstari, akaificha chati chini ya godoro.

Kuna jambo la aibu ambalo lazima lisemwe. Baba yake binti alikuwa mpishi wa kantini ya chuo hichohicho, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejua kuwa yule ni baba yake. Walikubaliana hivyo wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Binti hakuomba. Alipanga foleni na rafiki zake wapya, akafika dirishani, na uso wake ukasema kila kitu. Baba akamwambia, "Karibu, binti, wali au ugali?" kama anavyomwambia yeyote. Jioni ile nyumbani hawakulizungumza. Tangu siku hiyo alikuwa akimpakulia kijiko kimoja zaidi na kumwita "binti," naye akimwita "mzee," na wote wawili walijitia kuamini kwamba ni utani wao.

Wanafunzi walimwita Mzee Kipimo. Alikuwa na kikombe cha bati chenye mikwaruzo mitatu kwa ndani, na hakuna chumvi wala kiungo kilichoingia kwenye sufuria bila kupita kwenye kikombe hicho. Chakula chake hakikuwahi kuzidi wala kupungua. Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa kwamba mzabuni mpya anachukua kantini mwezi ujao na atabaki na wapishi wanne tu kati ya tisa, kila mtu alijua mmoja wa hao wanne ni nani.

Siku ya tatu binti alimkuta mhadhiri kwenye foleni ya chakula, mbele yake kwa mtu mmoja. Alikuwa hajalala vizuri. Angekuwa na akili zake angengoja amwendee ofisini, lakini swali lilimtoka pale pale.

"Samahani mwalimu, kuhusu zile karatasi. Kama wazazi wote wawili hawaonji, lakini mtoto anaonja?"

"Haitokei."

"Lakini kama imetokea?"

Mhadhiri aligeuka. Alikuwa mtu wa mzaha, na foleni ilikuwa inamsikiliza. "Kama imetokea, basi mtoto huyo ana baba wawili. Mmoja wa kumlipia ada, mwingine mama ndiye anayemjua." Watu walicheka. Alinyoosha sinia lake dirishani. "Wali, mzee wangu. Leo usinipunje mchuzi."

Upawa ulisimama hewani. Mchuzi ulimwagika kwenye ukingo wa sinia na mwingine kwenye mkono wa mhadhiri, ambaye aliruka nyuma na kusema, "Taratibu, Mzee Kipimo, unaniunguza!"

"Samahani, bosi," baba alisema. Alichukua kitambaa akamfuta mkono. Alimfuta vizuri, kidole kwa kidole, bila kumtazama binti yake aliyesimama nyuma na sinia tupu. Zamu yake ilipofika alimwambia, "Karibu, binti," akainamia sufuria.

Mpishi alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Miaka mitatu iliyopita alipata homa iliyomlaza wiki tatu, na aliponyanyuka hakuwa na ladha tena. Chumvi ilikuwa mchanga, sukari ilikuwa mchanga mwingine. Alingoja irudi, haikurudi. Mpishi asiyeonja ni dereva asiyeona, na alikuwa na mtoto wa kusomesha, kwa hiyo alifunga mdomo. Alikwaruza mistari kwenye kikombe. Akamfanya mwanamke anayekata mboga awe anaonja kila sufuria, akisingizia kwamba anamfundisha kazi. Mkata mboga akisema imekolea, naye alichota kidogo, anatikisa kichwa, anasema imekolea. Akikunja uso, alikunja naye. Ulimi wake ulikuwa umezoea kukubaliana na aliyetangulia, na jioni ile nyumbani aliyetangulia alikuwa mke wake.

Alilielewa hilo lote akiwa na kitambaa mkononi. Lakini alielewa pia kwamba ili amsafishe mke wake lazima aseme, na chumba cha mzabuni kilikuwa mlango wa tatu kutoka jikoni. Akasema moyoni, ngoja kidogo. Akangoja siku sita.

Jumapili mchana mama alikuwa anatafuta chaki ya kukatia. Huwa inapotea, na huwa anaikuta chumbani kwa binti kwa sababu binti huazima bila kuomba. Alinyanyua godoro. Alirudi sebuleni na karatasi, akaitandaza juu ya meza ya cherehani, na kuinyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa.

"Njoo unieleze," alisema. Binti alikuja. Baba alikuwa anapiga viatu rangi mlangoni, akaacha.

"Ni kazi ya chuo, mama."

"Naona ni ya chuo. Mraba ni nani?"

"Baba."

"Na hili jeupe?"

"Wewe."

"Na jeusi ni wewe. Huu mstari kati yangu na baba yako ni nini?"

"Ni... ni ndoa. Ndivyo wanavyochora."

"Na alama ya kuuliza?"

Binti alinyoosha kidole kuifunika.

"Umeniwekea alama ya kuuliza pembeni ya ndoa yangu," mama alisema. "Nataka kujua inauliza nini."

Ilibidi aseme. Alisema akitazama meza, akaeleza nani anampa nani nini, na weupe wawili wanaweza kuzaa nini na hawawezi kuzaa nini. Alisikia sauti yake ikieleza vizuri, kwa mpangilio, ingepata alama zote, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipomaliza, mama hakupiga kelele. Alikunja chati mara mbili.

"Mama mkwe karudi," alisema. "Mara hii kaja na karatasi za chuo kikuu."

"Mama, mimi sikusema..."

"Yeye pia hakusema. Yeye alikuwa anashika mguu tu."

Binti hakujua kama mama alikuwa akisikia. Miaka yote alidhani kamba ya nguo ilikuwa mbali.

Baba alisimama, brashi bado iko mkononi. Nataka kumsifu kwa alichokifanya, na ningemsifu zaidi kama angekifanya siku sita kabla.

"Mimi sionji," alisema.

"Tunajua huonji. Imechorwa hapa."

"Sionji kitu chochote. Si karatasi tu. Chumvi sionji, sukari sionji. Pilipili nasikia inawasha tu. Tangu ile homa."

Mama aligeuka polepole. "Homa ipi? Ile ya wiki tatu?"

"Ile."

"Hiyo ni miaka mitatu, baba."

"Ni mitatu. Siku ile ulisema karatasi, nami nikasema karatasi. Ungesema chungu, ningesema chungu. Ndivyo ninavyofanya kule kazini, ndivyo ninavyokula. Nilikufuata wewe."

Binti hakuweza kujizuia, alitabasamu, akaichukua chati. "Basi chati ni batili! Mama, haina maana yoyote. Baba hapimiki."

Lakini mama alikuwa bado anamtazama mume wake. "Na chakula changu?" aliuliza. "Kila siku unaniambia leo umepatia."

"Najua unapatia. Ulikuwa unapatia kabla ya homa."

"Mwezi ule wa mitihani nilisahau chumvi kwenye maharage. Nikakaa kungoja unifokee kama zamani. Ukamaliza sahani, ukasema asante. Nilimsimulia dada yangu. Nilimwambia mume wangu kabadilika, siku hizi ananihurumia." Aliokota uzi mezani. "Nilijisifu."

Baba alitazama brashi yake.

"Na wewe," mama alimwambia binti, "usicheke kwanza. Umesema haina maana. Inasema mimi ni msafi?"

Binti angeweza kudanganya, na mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakudanganya. Lakini alikuwa amefundishwa vizuri. "Haisemi hivyo. Inasema hatujui. Labda baba alikuwa anaonja zamani, labda hakuwa. Hakuna namna ya kumpima tena kwa karatasi hizi."

"Kwa hiyo imenirudisha palepale nilipokuwa."

"Ndiyo, mama."

"Hili lisitoke humu ndani," baba alisema kwa sauti ya chini. "Mzabuni anaanza Jumatatu ijayo. Akisikia, nimekwisha."

Mama alirudi kwenye cherehani. Mchana mzima alishona kola, na jioni alitoa blanketi la bibi kwenye kitanda cha ukutani, akalifua, akalianika, na asubuhi akalirudisha palepale bila kumwambia mtu sababu.

Mhadhiri hakuwa amesahau lile swali la foleni. Siku ya kukusanya kazi alimwita binti ofisini, chumba kidogo chenye mafaili mpaka dirishani.

"Ile familia yenye weupe wawili, ni yako? Ilete. Nataka niitumie kama mfano darasani, bila jina. Tuijadili: kosa la upimaji, ugonjwa, au ni mambo ya nyumbani."

Binti alikuwa na chati mpya mkononi. Kuandika kwamba baba hakuonja kwa sababu ya ugonjwa kulihitaji mstari mmoja, lakini mhadhiri angeuliza ugonjwa gani, na baba huyo anafanya kazi gani, naye anakula kantini kila siku. Akiiacha ilivyo, mama yake angejadiliwa na watu tisini. Alikuwa ameyapima yote mawili usiku kucha na yote mawili yalikuwa mazito.

"Sikuwapima, mwalimu," alisema. "Nilijaza mwenyewe."

"Ulijaza nini?"

"Majibu. Nilichelewa, nikabuni. Ndiyo maana hayakuwa sawa."

Mhadhiri aliweka kalamu chini. Mzaha wote ulimtoka usoni, na bila mzaha alionekana mtu mwingine kabisa, amechoka. "Unajua hiyo inaitwaje? Naweza kukupeleka kitivo leo hii."

"Najua."

"Miaka kumi na minane nakata karatasi kwa mkasi ili nyinyi mpime kitu cha kweli, halafu unabuni."

Alimpa sifuri, na akamtaka asimame mbele ya darasa aseme mwenyewe alichofanya. Binti alisimama. Aliwaambia wenzake tisini kwamba alibuni majibu ya wazazi wake, na kijana aliyekaa naye benchi moja akapiga mluzi wa chini. Binti alirudi kukaa kando yake.

Baada ya kipindi mhadhiri alimsimamisha mlangoni. Hasira zilikuwa zimempungua.

"Na hata kama ungepima ukapata weupe wawili, ungeniletea tu. Karatasi zenyewe muda wake ulipita mwaka juzi. Watu hukosea, ndimi zinatofautiana, na sheria ile ya ubaoni ni ya kuanzia tu, mwaka wa nne mtaona ina matundu kibao. Mimi sijawahi kumshuku mama wa mtu kwa karatasi hizi."

"Kwenye foleni ulisema..."

"Foleni?" Alifikiri, akakumbuka, akatikisa mkono. "Ah, ule si ulikuwa utani."

Binti alifika nyumbani saa kumi na moja. Mama alikuwa cherehanini, baba alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Mzabuni alikuwa amemwita siku hiyo na kumpa mkono. Mpishi mkuu, mshahara uleule, sare mpya mbili. Alikuwa amezitandaza magotini.

"Nimemaliza ile kazi," binti alisema. "Nimesema nilibuni. Chati haipo tena, nimeichana. Hakuna atakayejua, si ya baba wala..." Hakumaliza. "Hakuna atakayejua kitu."

"Wamekupa ngapi?" baba aliuliza.

"Sifuri. Nitaifidia kwenye mtihani."

Baba alifumba macho. Alielewa bei ya sifuri ile na nani amelipiwa, na ilimuuma kweli, kwa sababu alikuwa baba mzuri. Nalisema hili bila kejeli. Alimpenda binti huyu tangu siku aliyowekewa mikononi, na hajawahi kumtazama mguu.

"Basi," alisema. "Yamekwisha. Tushukuru."

Cherehani ilisimama.

"Yamekwisha vipi?" mama aliuliza.

"Mama, si umesikia, chati haipo..."

"Nimesikia. Mpishi kabaki na jiko lake. Profesa kakubali sifuri. Mimi nimepata nini?" Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa ameegemeza viwiko juu ya mashati na anawatazama mmoja mmoja. "Miaka ishirini na moja nimeishi na neno lisilosemwa. Mama yako alikuwa anampima mtoto wangu miguu mbele ya macho yangu, hakuniuliza. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini na redio yako, hukuniuliza. Huyu nimemzaa mwenyewe, kaniwekea karatasi mdomoni, kachora, kaficha chini ya godoro, hakuniuliza. Kila mtu anapima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo akaniuliza mimi, na mimi ndiye ninayejua."

Aliondoa mashati, akayaweka kando, ili kusiwe na kitu kati yake na wao.

"Niulizeni leo. Nipo. Nimekaa hapa."

Binti alifungua mdomo. Alitaka kuuliza kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na jibu lilikuwa tayari usoni kwa mama yake, ukiangalia tu ungeliona. Lakini aliona si zamu yake, ni ya baba, akamtazama baba.

Baba aliinuka, akaziweka sare juu ya kiti. Alimwendea mke wake na kuchuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na machozi. Alikuwa na kitu alichokitunza kwa miaka mingi, kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kumpa mtu, na aliona saa ya kukitoa imefika.

"Sina haja ya kukuuliza, mke wangu," alisema kwa upole. "Mimi nilishakusamehe zamani. Hata kabla mama hajafa."

Mama hakuitoa mikono yake. Alimtazama kwa muda mrefu mwanamume huyu aliyekula chakula chake, akalala ubavuni mwake, akamlea mtoto wake, na siku zote hizo alikuwa anamsamehe.